Anayekataa viza aandike sababu

Kuanzia 1 Julai 2025, mtu aliyenyimwa viza na ubalozi wa Ujerumani, popote pale duniani, hana tena nafasi ya kuuandikia ubalozi huo akiomba uamuzi wake utazamwe upya. Utaratibu huo ulikuwa wa bure. Ulihitaji barua yenye sahihi tu, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia ya kwanza ya mwombaji kujieleza: kuleta karatasi iliyosahaulika, kufafanua fedha zilizoingia kwa mkupuo kwenye akaunti, kusahihisha tarehe iliyokosewa katika barua ya mwaliko. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ilieleza kwamba majaribio yaliyoanza 2023 katika baadhi ya balozi yalionyesha kuwa watumishi waliokuwa wakijibu barua hizo wangeweza kushughulikia maombi mengi zaidi. Aliyekataliwa sasa amebakiwa na njia mbili, aombe upya na kulipa upya, au aende mahakamani. Mahakama hiyo iko Berlin, kesi zake huendeshwa kwa Kijerumani, na ada ya shauri la namna hii ni zaidi ya mara tano ya ada ya viza yenyewe. Mama anayetaka kwenda Hamburg kumwuguza bintiye aliyejifungua hawezi kuingia katika shauri kama hilo, na hata akiingia na kushinda, wiki alizoombea viza zitakuwa zimekwisha kupita.

Sidai kwamba Ujerumani, au nchi yoyote ya Ulaya, inawajibika kumfungulia mlango kila anayebisha hodi. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Mtu anayenyimwa viza kwa kuwa ofisa ametilia shaka kama atarudi kwao, aelezwe kwa maandishi shaka hiyo imetokana na nini, kwa maneno yanayomhusu yeye na jalada lake. Sheria ya Ulaya yenyewe inaelekea huko, mahakama yake ya juu imekwisha kusukuma upande huo, na mitambo mipya iliyofungwa mipakani imepunguza sana uzito wa visingizio vya kutofanya hivyo.

Tuziangalie kanuni zenyewe, maana wengi huzisikia kwa mawakala kabla ya kuzisoma. Viza ya muda mfupi ya Ujerumani ni viza ya Schengen, jina la kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle ambako mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka ya ndani ulitiwa sahihi 14 Juni 1985. Leo eneo hilo lina nchi 29, na za mwisho kukamilisha kuingia ni Bulgaria na Romania, Januari 2025. Viza hiyo humruhusu mgeni kukaa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Masharti ya kuitoa yamo katika sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2009, iliyorekebishwa 2019. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe siku 15 kabla yake. Uamuzi hutakiwa ndani ya siku 15, na panapohitajika uchunguzi zaidi, usivuke siku 45. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Ada ya mtu mzima ilikuwa euro 60, ikapanda hadi 80 mwaka 2020, na tangu 11 Juni 2024 ni 90. Pale ambapo maombi hupokelewa na kampuni binafsi kwa niaba ya ubalozi, kampuni nayo hutoza chake, ambacho kwa kawaida sheria hairuhusu kizidi nusu ya ada ya viza. Anayekataliwa harudishiwi kitu. Mwaka 2023 nchi za Schengen zilipokea maombi zaidi ya milioni 10 na kukataa takribani milioni 1.6. Kwa ada ya wakati ule, hizo ni zaidi ya euro milioni 100 zilizolipwa na watu ambao hawakusafiri.

Sehemu kubwa ya masharti hayo inapimika. Bima ipo au haipo. Pasipoti imebakiza muda wa kutosha au haikubakiza. Fedha za safari zinahesabika. Hata sharti la fedha lina njia yake nchini Ujerumani: mwenyeji anakwenda katika ofisi ya wageni ya mji wake, analipa euro 29, anathibitisha kipato chake na kutia sahihi ahadi ya kubeba gharama zote za mgeni, ahadi inayoweza kumfunga hadi miaka mitano iwapo serikali italazimika kumtunza mgeni huyo. Ni dhamana nzito, na wapo jamaa zetu wengi kule wanaoitia sahihi bila kusita. Lakini baada ya yote hayo kutimia, kuna sababu moja ya kukataa isiyo na kipimo, nayo ni shaka ya msingi kuhusu nia ya mwombaji kuondoka kabla viza haijaisha.

Nia haina cheti. Ndiyo maana bahasha ya mwombaji wa Dar es Salaam hujaa karatasi zinazojaribu kuizungumzia kwa mbali: barua ya mwajiri, kibali cha likizo, taarifa ya akaunti ya benki ya miezi kadhaa, hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki. Bahasha hiyo inampendelea mtumishi mwenye mshahara. Mfikirie mwanamke mwenye duka la vitenge Kariakoo. Fedha zake ziko kwenye mzigo wa dukani, nyingine kwenye simu, nyingine kwenye kikoba, na benki huzipitisha tu siku ya kuagiza bidhaa, kwa hiyo taarifa yake ya akaunti inaonyesha fedha nyingi zikiingia Jumatatu na kutoka Jumanne. Nyumba anayokaa imejengwa kwenye kiwanja cha ukoo na hati haina jina lake. Ana wasaidizi wawili dukani, wadeni mtaa mzima, mama mzee anayemtegemea na zamu ya kupokea mchezo mwezi ujao. Anayeufahamu mji huu ataona mara moja kwamba mtu huyu hawezi kukaa Ulaya mwezi wa pili bila biashara yake kufa. Ofisa anayetazama karatasi anaona mtu asiye na mwajiri, asiye na hati ya nyumba, mwenye akaunti inayopanda na kushuka ghafla. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli kwa wanachokiona, ila mmoja tu ndiye mwenye muhuri.

Kinachofuata ni karatasi ya kukataliwa. Ni fomu moja kwa nchi zote za Schengen, yenye orodha ya sababu zilizochapwa na visanduku vya kutia alama. Ofisa anatia alama kwenye kisanduku cha nia ya kuondoka, labda na kile kinachosema kuwa sababu ya safari haikuthibitishwa vya kutosha, kisha anaweka tarehe na muhuri. Chini kuna nafasi ya maelezo ya ziada, na sheria haimlazimishi kuijaza. Mwenye duka wa Kariakoo akiisoma karatasi hiyo mara kumi hatajua kama tatizo lilikuwa akaunti, kiwanja, umri wake, kutowahi kusafiri, au barua ya mwenyeji. Kama hajui, hana cha kurekebisha. Ataomba tena kwa bahasha ileile iliyonenepa kidogo, atalipa tena, na pengine atatiwa alama ileile.

Jibu la kwanza linalotolewa dhidi ya lalamiko hili ni kwamba viza si haki ya mtu, ni hiari ya nchi. Jibu hilo lilikuwa na nguvu zamani kuliko sasa. Desemba 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililoihusu Ujerumani, iliamua kwamba nchi mwanachama haiwezi kumnyima mwombaji viza ya muda mfupi kwa sababu isiyokuwamo katika sheria hiyo. Ni kweli kwamba mahakama ileile iliwaachia maofisa nafasi pana ya kupima, ikasema hawalazimiki kuwa na uhakika kwamba mtu ataondoka, na ikaruhusu waitazame pia hali ya jumla ya nchi anayotoka. Lakini iliwataka waitazame hali ya mtu mwenyewe: familia yake, kazi yake, safari zake za nyuma. Desemba 2017, katika shauri kutoka Poland, iliongeza kwamba aliyenyimwa viza lazima awe na njia ya kumfikia hakimu. Novemba 2020, katika mashauri kutoka Uholanzi, ilisema kwamba viza ikikataliwa kwa pingamizi la nchi nyingine, mwombaji atajiwe nchi hiyo na msingi wa pingamizi lake, maana mtu hawezi kujitetea dhidi ya asichokijua. Hukumu hizo tatu zikisomwa pamoja, hiari ya nchi imebaki, lakini ni hiari inayopaswa kujieleza. Alama kwenye kisanduku haijielezi.

Jibu la pili ni zito zaidi, na haifai kulipita juujuu. Watu huzamia. Wapo waliokwenda kwa viza ya mwezi mmoja wakakaa miaka, wapo waliotumia mwaliko wa harusi kutafuta kazi ya kuosha vyombo, na ofisa wa viza anayekosea upande huo huulizwa na wakubwa wake. Haitusaidii kulikana jambo ambalo kila mtaa wetu una mfano wake. Ila kwa miaka yote hii Ulaya imekuwa ikiogopa kitu ambacho haikuwa na uwezo wa kukihesabu vizuri. Muhuri wa kutoka ulipigwa kwenye pasipoti, pasipoti ikaondoka na mwenyewe, na ubalozi haukuwa na daftari la kuaminika la nani alirudi lini. Hali hiyo imebadilika. Tarehe 12 Oktoba 2025 ulianza kazi mfumo mpya wa kusajili kuingia na kutoka katika mipaka ya nje ya Schengen, na ratiba yake ikapanga ukamilike 10 Aprili 2026. Mgeni hupigwa picha ya uso, alama za vidole vyake hukaguliwa, na siku ya kuingia na ya kutoka huandikwa kwenye kompyuta badala ya muhuri. Kumbukumbu ya aliyetoka kwa wakati hukaa miaka mitatu. Ya yule asiyeonekana kutoka hukaa mitano.

Mfumo huo umezungumzwa zaidi kama chombo cha kuwanasa waliopitiliza muda. Thamani yake ya pili, ambayo ningependa serikali zetu ziing'ang'anie, ni kwamba unamthibitisha aliyerudi. Sheria ya viza tayari inatambua hilo kwa ngazi zake: aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili apewe ya kuingia mara nyingi kwa mwaka mmoja, baadaye ya miaka miwili, kisha ya mitano, maadamu hakuna jambo jipya la kutia wasiwasi. Sasa ushahidi wa kutumia vizuri hautegemei tena mihuri iliyofifia. Mtu aliyeondoka kwa wakati mara tatu, na kompyuta ya Ulaya yenyewe ikishuhudia, hapaswi kuambiwa kwamba nia yake ya kuondoka ina shaka bila ofisa kueleza ni kipi kilichobadilika.

Yupo atakayesema kwamba hoja hii inamsaidia msafiri mzoefu na kumwacha yule wa mara ya kwanza, asiye na kumbukumbu yoyote. Ni kweli, na hapa ndipo maelezo ya maandishi yanapohitajika zaidi, kwa sababu kwake yeye ofisa anakisia. Kisio lililoandikwa linaweza kupimwa baadaye. Kama ubalozi unaamini kwamba mfanyabiashara asiye na mwajiri ni hatari kuliko mtumishi, mfumo mpya utauonyesha, baada ya miaka michache, ni wafanyabiashara wangapi waliopewa viza wakarudi na wangapi hawakurudi. Kisio likionekana si sahihi, liachwe. Jambo ninalolihofia ni njia fupi ya kinyume chake. Mfumo unaruhusu takwimu za waliopitiliza muda kutolewa kwa uraia, na patakuwa na kishawishi cha kuzitumia takwimu hizo kama hukumu ya taifa zima. Hesabu ya waliozamia kutoka nchi fulani inaeleza kitu kuhusu nchi hiyo. Haisemi lolote kuhusu mwanamke aliyesimama dirishani na bahasha yake.

Pingamizi la vishoka nalo lipo, na maofisa wengi hulitaja kwa nia njema. Ukieleza kwa undani kilichoikwamisha bahasha, wanasema, wiki ijayo kila kishoka mjini atakuwa anatengeneza karatasi ya kukipita kikwazo hicho. Lakini soko la kishoka limejengwa juu ya giza. Anauza anachodai kukijua na ambacho ubalozi hausemi: kiasi gani kikae benki, barua iandikwe vipi, hoteli gani itajwe. Mwombaji anayejua kwa uhakika kwamba tatizo lake lilikuwa fedha zilizoingia siku mbili kabla ya kuomba ataeleza zilikotoka, au atasubiri. Yule asiyejua ndiye anayenunua karatasi za kughushi kwa hofu, kisha anakutwa na kosa la kweli ambalo hakuwa nalo mwanzoni. Na karatasi ya kughushi ina kisanduku chake kwenye fomu ileile, pamoja na wataalamu wa kuibaini.

Kuhusu wingi wa kazi sina mengi ya kusema. Ofisa aliyelisoma jalada amekwisha kuwa na sababu kichwani. Kuiandika kwa sentensi mbili hakumrudishi nyuma kiasi cha kuhalalisha mtu kulipa euro 90 na kuondoka bila kujua. Ujerumani imesema watumishi waliokuwa wakijibu barua za malalamiko wamerudishwa kwenye maombi mapya. Vema, basi sehemu ya muda uliookolewa itumike kwenye sababu iliyoandikwa mwanzoni, ili malalamiko yenyewe yapungue. Ufaransa, ambayo hukataa maombi mengi kutoka Afrika, bado ina ofisi huko Nantes inayopokea malalamiko ya walionyimwa viza kabla shauri halijafika mahakamani, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba nchi kubwa haiwezi kuimudu hatua ya namna hiyo.

Na sisi wenyewe je? Mjerumani anayekuja Tanzania kutalii hulipa dola 50 za viza, na akienda Zanzibar, tangu 1 Oktoba 2024, hulazimika kununua bima ya dola 44. Hayo ni masharti, na mengine ni ghali, lakini ni masharti yanayotimizika: ukilipa umelipa. Haulizwi kama ana kiwanja Stuttgart. Hata hivyo Tanzania nayo ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawapewi viza mpaka maombi yao yachunguzwe kwanza na Uhamiaji, na kati yao wapo wanaokataliwa. Kanuni ninayoidai kwa Ujerumani ninaidai kwetu pia. Mnigeria au Mpakistani anayenyimwa viza ya kuja Dar es Salaam ana haki ileile ya kujua kwa nini.

Kati ya nchi zote za Ulaya, Ujerumani ndiyo yenye sababu nyingi zaidi za kulitazama jambo hili kwa upande wa Tanzania. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa mauaji ya Vita vya Maji Maji na kuzungumza na ukoo wa Nduna Songea Mbano. Katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin umesimama mjusi mkubwa wa kale, zaidi ya meta 13 kwenda juu, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 na mamia ya wafanyakazi wa huko, mmoja wa wasimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Chuo Kikuu cha Bayreuth huandaa kila mwaka kongamano la Kiswahili linalowakutanisha wataalamu wa lugha hii kutoka pande zote, na mtaalamu wa Zanzibar au Nairobi anayealikwa kutoa mada huko huomba viza ileile, kwa fomu ileile. Mzee wa Songea anayetaka kwenda kuona vitu vya mababu zake kwenye maghala ya makumbusho ya Berlin atapanda basi kutwa nzima hadi Dar es Salaam kupeleka bahasha yake. Ikirudi imekataliwa, dola lililoomba msamaha kwa sauti kubwa haliwezi kushindwa kumwandikia sentensi mbili.

Serikali zetu zina mahali pa kulisemea hili. Kenya ilisaini na Ujerumani makubaliano ya kazi na uhamiaji mjini Berlin, Septemba 2024. Pale ambapo Ujerumani inahitaji mikono ya vijana wa Kenya, kuna nafasi ya kuzungumzia pia wazazi watakaotaka kuwatembelea. Ulaya nayo haijasita kuitumia viza kama fimbo. Aprili 2024 iliamua kwamba Waethiopia wasubiri siku 45 badala ya 15 na wasipewe viza za kuingia mara nyingi, kwa madai kwamba serikali yao haikushirikiana vya kutosha kuwapokea raia waliorudishwa. Kabla ya hapo Wagambia waliwahi kutozwa euro 120 kwa sababu ya namna hiyo. Msafiri alilipia mwenendo wa serikali yake. Kama kanuni za viza zinaweza kubadilishwa ili kuibana serikali ya Addis Ababa, zinaweza pia kubadilishwa ili kumtendea haki mwombaji wa Mwanza.

Mabadiliko yenyewe hayahitaji mkataba mpya wala fedha nyingi. Kifungu kinachohusu fomu ya kukataa kimlazimishe ofisa, kila anapotia alama kwenye kisanduku cha nia ya kuondoka, kujaza ile nafasi ya maelezo ya ziada kwa kutaja karatasi gani katika jalada imemtia shaka na kwa nini. Mwombaji apewe mwezi mmoja wa kujibu hoja hiyo moja kwa maandishi, bila ada, na jibu lake lisomwe na ofisa mwingine. Ubalozi usipoandika kitu katika nafasi hiyo, ada irudishwe yote.